Mapacha wa kufanana na mauaji ya zamani: sheria inamjuaje aliyeua?

Hadithi ya aina hii haiwachoshi watu. Mtu ameuawa, miaka imepita, jalada linafunguliwa upya, kisha vipimo vinamwangukia mtu ambaye ana pacha wake. Iwe ni riwaya, tamthilia au kesi halisi iliyotangazwa kwenye taarifa ya habari, mabishano yanayofuata huwa yale yale. Mmoja anasema damu yao ni moja, hivyo hakuna mahakama itakayowafunga. Mwingine anasema basi wafungwe wote wawili. Wa tatu anashangaa kesi ya miaka 30 inafufuliwaje wakati mashahidi wengine wameshazikwa. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, lakini vipande hivyo vikiungwa vibaya vinatoa picha ya sheria isiyokuwepo popote.

Tuanze na mapacha wenyewe, maana mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Kuna mapacha waliotokana na mayai mawili, kila yai likiwa limerutubishwa kivyake. Hao ni ndugu kama ndugu wengine wowote wa baba na mama mmoja, ila tu wamebebwa katika mimba moja. Kwa wastani hushirikiana nusu ya vinasaba, na kipimo cha kawaida huwatenganisha bila taabu. Wanaozitoa mahakama jasho ni wale wa yai moja, ambalo hugawanyika siku za mwanzo za mimba na kuwa watoto wawili. Mapacha hawa hupatikana katika uzazi 3 hadi 4 kwa kila 1,000. Tumezoea kuwaita mapacha wa kufanana, lakini sura si kigezo cha kutegemea. Wapo wa mayai mawili wanaowababaisha hata walimu wao, na wapo wa yai moja ambao wakishakuwa watu wazima unawatambua kwa mbali, kwa sababu mmoja amenenepa na mwenzake ana kovu. Familia nyingi hazijui kwa uhakika mapacha wao ni wa aina gani mpaka siku wakipimwa.

Vinasaba, yaani DNA, ni maelekezo ya urithi yaliyomo karibu katika kila seli ya mwili. Ukiyaandika kama herufi, ni takriban bilioni 3. Maabara ya jinai haisomi herufi zote hizo. Hupima sehemu chache zilizochaguliwa kwa sababu hutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Nchini Marekani, tangu mwaka 2017, sehemu za msingi ni 20. Kwa watu wengine wote hiyo inatosha kabisa. Kwa mapacha wa yai moja, ni sawa na kuchukua nakala mbili za kitabu kimoja na kusoma mistari 20 ile ile katika kila nakala. Utakuta maneno yale yale, na huwezi kusema mstari ulioushika umetoka nakala ipi. Lakini ukikisoma kitabu chote herufi kwa herufi, utaweza kukuta kosa la chapa lililo katika nakala moja tu.

Makosa hayo ya chapa yapo kweli. Watafiti wa Iceland waliochapisha kazi yao mwaka 2021 walipima mamia ya mapacha wa yai moja na kuona kwamba hutofautiana kwa wastani wa mabadiliko 5.2 yaliyotokea mwanzoni kabisa mwa ukuaji wao tumboni. Kwa hiyo usemi kwamba damu yao ni moja ni karibu kweli, na nafasi iliyobaki katika hiyo "karibu" ndiyo mlango ambao sayansi imeupata. Mlango wenyewe ni mwembamba. Kusoma herufi zote kunahitaji sampuli nzuri na ya kutosha, wakati kielelezo cha zamani mara nyingi kina doa dogo lililochakaa. Tena badiliko linaweza kuwa katika seli za sehemu moja ya mwili na lisiwe katika nyingine, hivyo kulinganisha damu ya leo na mbegu za kiume za miaka 20 iliyopita kunataka uangalifu mkubwa.

Halafu kuna mahakama yenyewe. Huko Boston, Marekani, upande wa mashtaka ulitaka kutumia kipimo cha namna hiyo dhidi ya mtu aliyeshtakiwa kwa ubakaji wa mwaka 2004, ambaye ana pacha wa yai moja. Mwaka 2017 jaji alikataa kipimo hicho kisipelekwe mbele ya wazee wa baraza, kwa kuona kwamba mbinu hiyo ilikuwa bado haijathibitishwa vya kutosha. Mwaka uliofuata mtu yule alitiwa hatiani bila kipimo hicho. Kilichosaidia ni ushahidi wa mwanamume mwingine aliyekuwa naye siku ya tukio.

Nimeisimulia kesi hiyo mapema kwa sababu inaonyesha jambo ambalo tamthilia hulifunika. Watu huiangalia DNA kana kwamba ndiyo kesi nzima. Kumbe DNA hujibu swali dogo tu: chembe hii imetoka kwa nani. Haisemi ilifikaje pale, haisemi saa ngapi, na haisemi nani alishika kisu. Mtu aliyekula chakula cha mchana katika nyumba ya marehemu anaweza kuacha chembe zake mezani bila kuua mtu.

Mapacha hawa wana tofauti ambazo hazihitaji mashine ya gharama. Alama za vidole ni mfano mzuri. Mistari ya vidoleni huanza kujichora takriban wiki ya 10 ya ujauzito, na umbo lake hutegemea mambo madogo madogo ya mle tumboni: mtoto amelala vipi, majimaji yamemzungukaje, kidole kimegandamizwa wapi na kimekua kwa kasi gani. Mapacha wawili waliomo katika tumbo moja hawapati mazingira yale yale hata kidogo, ndiyo maana kila mmoja hutoka na alama zake. Mkono mmoja wenye damu uliogusa kioo cha dirisha unaweza kumaliza ubishi ambao tone la damu lenyewe limeshindwa kuumaliza. Hata harufu huwatofautisha. Utafiti uliofanyika Jamhuri ya Czech na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mbwa wa polisi waliofunzwa vizuri waliwatenganisha mapacha wa yai moja, hata wale wanaoishi nyumba moja na kula chakula kimoja. Bahati mbaya kwa mauaji ya zamani harufu imeshapotea, isipokuwa iwe ilihifadhiwa tangu mwanzo.

Sasa tuje kwenye sheria, ambako ndiko watu hupotea zaidi. Katika kesi ya jinai, upande wa mashtaka unabeba mzigo wa kuthibitisha mambo mawili bila kuacha shaka yoyote ya maana: kwamba kosa lilitendeka, na kwamba aliyelitenda ni huyu aliyesimama kizimbani. Kuthibitisha kwamba ni "mmoja kati ya hawa wawili" hakutoshi. Hata jaji akiwa na uhakika wote kwamba muuaji ni mmojawapo, kama hajui ni yupi, wote wawili wanaondoka huru. Linaumiza, hasa ukiwafikiria ndugu wa marehemu waliokaa kwenye benchi la nyuma siku zote za kesi. Lakini kinyume chake ni kumfunga mtu ambaye unajua kuna uwezekano wa nusu kwa nusu kwamba hana hatia. Mwanasheria wa Uingereza William Blackstone aliandika katika miaka ya 1760 kwamba ni heri wenye hatia kumi waponyoke kuliko asiye na hatia mmoja kuteseka, na mifumo mingi ya sheria imejengwa juu ya msimamo huo.

Imeshatokea. Januari 2009 wezi waliofunika nyuso waliingia usiku katika duka kubwa la KaDeWe mjini Berlin na kuondoka na vito vya thamani ya mamilioni ya euro. Walisahau glovu. Ndani ya glovu kulikuwa na jasho, jasho likatoa DNA, na DNA ikawaangukia mapacha wawili. Walikamatwa, na baada ya wiki chache wakaachiwa kwa sababu hakuna aliyeweza kusema glovu ile ilivaliwa na yupi. Mwaka huo huo nchini Malaysia, mtu aliyekuwa anakabiliwa na adhabu ya kifo kwa biashara ya dawa za kulevya aliachiwa huru pamoja na pacha wake, baada ya mahakama kushindwa kujua aliyekamatwa na mzigo alikuwa nani kati yao.

Kwa hiyo anayesema mapacha hawafungiki amekosea, na amekosea kwa sababu ameangalia kesi ambazo hazikuwa na kitu kingine zaidi ya DNA au sura. Weka alama ya kidole, rekodi ya simu, risiti, mtu aliyewaona wote wawili jioni ile mmoja akiwa amevaa koti la kijani, na kesi inasimama kama kesi nyingine.

Wale wanaosema wafungwe wote nao wana hoja, lakini mahali pake ni padogo. Sheria za nchi nyingi zinajua kitu kinachoitwa nia ya pamoja. Watu wawili wakipanga kuua, mmoja akalinda mlango na mwenzake akapiga, wote ni wauaji, na mahakama haihitaji kujua nani alipiga. Ila inabidi ithibitishwe kwamba kila mmoja alishiriki. Kuwa pacha wa muuaji si ushiriki. Kuna mahali ambapo watunga sheria waliona tatizo la "ni mmoja kati yao" likiacha vifo vya watoto bila jibu, kwa kuwa kila mtu mzima wa nyumba alimsukumia mwenzake lawama. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2004 inayomtia hatiani yeyote wa nyumba hiyo aliyesababisha au kuruhusu kifo cha mtoto au mtu asiyejiweza huku akijua, au akipaswa kujua, kwamba yuko hatarini. Angalia lakini jinsi ilivyobanwa: nyumba moja, mwathirika asiyeweza kujitetea, na hatari iliyojulikana. Haifiki kwa ndugu mtu mzima aliyekuwa amelala mji mwingine.

Kesi za madai ni habari nyingine, na wengi huzichanganya na jinai. Huko Goiás, Brazil, mwaka 2019 jaji alikutana na mapacha wawili, kila mmoja akimtaja mwenzake kuwa ndiye baba wa mtoto. Kipimo kiliwaangukia wote. Jaji akaamuru wote wawili walipe matunzo na majina yao yote yaandikwe kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Aliona wanatumia kufanana kwao kukwepa wajibu, na sheria ya madai ilimpa nafasi ya kufanya hivyo kwa sababu kinachopimwa pale ni uzito wa ushahidi upande huu na ule, pamoja na haki ya mtoto. Jaji wa jinai hana nafasi hiyo. Hawezi kugawa kifungo cha maisha mara mbili.

Na je, mauaji huisha muda? Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, mauaji ya kukusudia hayana ukomo. Muuaji anaweza kushtakiwa hata akiwa na miaka 80. Ujerumani iliondoa ukomo wa mauaji ya kukusudia mwaka 1979, baada ya mjadala mrefu kuhusu wauaji wa enzi ya Hitler ambao wangeponyoka kwa sababu tu wamezeeka. Japani ilifuata mwaka 2010. Ufaransa bado ina ukomo kwa mauaji ya kawaida, lakini mwaka 2017 iliuongeza kutoka miaka 10 hadi 20. Ukisoma hadithi yoyote ya mauaji ya zamani, jambo la kwanza la kujua ni imetokea nchi gani.

Kinachochakaa ni ushahidi. Fikiria shati lenye doa lililotiwa kwenye bahasha ya karatasi miaka 25 iliyopita. Juu ya bahasha kuna tarehe, namba ya jalada, sahihi ya askari aliyelichukua na lakiri. Chini yake zinafuata sahihi za kila aliyeipokea: mtunza vielelezo, mkemia, mtunza vielelezo tena. Mstari mmoja ukiruka, wakili wa utetezi atasimama hapo hapo na kuuliza shati lilikuwa wapi kati ya siku ile na siku ile, na nani aliligusa. Kabla ya miaka ya 1980 hakuna aliyefikiria kwamba mate ya askari anayezungumza juu ya shati yangeweza kuwa tatizo. Ni Septemba 1984 ndipo Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester alipogundua namna ya kutambua mtu kwa DNA. Na kazi ya kwanza kubwa ya ugunduzi huo katika kesi ya mauaji ilikuwa kumwokoa kijana wa miaka 17 aliyekuwa amekiri kuua mmoja wa wasichana wawili. Kipimo kilionyesha si yeye, kisha kikamthibitisha muuaji wa kweli, aliyehukumiwa mwaka 1988. Kijana yule alikiri kosa ambalo hakulitenda. Tutarudi kwenye kukiri.

Siri za familia zimepata adui mpya tangu mwaka 2018, wakati polisi wa California walipomkamata muuaji wa miaka ya 1970 na 1980 kwa kupitia DNA ya ndugu wa mbali waliojiweka wenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kutafuta ukoo. Kwa njia hiyo wapelelezi huchora mti wa ukoo mpaka wafike kwenye nyumba moja. Wakati mwingine mti huo hufunua mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, au aliyetolewa kulelewa kwingine bila mtu kuambiwa. Hapo ndipo riwaya zinapokuwa karibu na maisha kuliko tunavyodhani: mtu asiyejua kwamba ana pacha anaweza kugongewa mlango kwa kosa la ndugu ambaye hajawahi kumwona. Mpelelezi makini huuliza swali la mapacha kabla ya kukamata, na hamwulizi mtuhumiwa peke yake, kwa kuwa mwenyewe huenda hajui. Huangalia kumbukumbu za uzazi.

Na waliojua wakanyamaza? Watu hudhani mama aliyejua mwanawe ameua na akakaa kimya ni mhalifu moja kwa moja. Inategemea alifanya nini. Katika mifumo mingi, kukaa kimya tu si kosa, ingawa zipo nchi zinazomlazimisha raia kutoa taarifa. Kudanganya chini ya kiapo ni kosa. Kufua shati lenye damu, kuchoma viatu au kumpa muuaji nauli ya kutorokea ni kosa la kumsaidia mhalifu baada ya tendo. Ujerumani na Ufaransa haziwaadhibu ndugu wa karibu kwa kumficha mtu wao, na Ujerumani inamruhusu ndugu kukataa kutoa ushahidi. Nchi za mfumo wa Kiingereza kwa kawaida humpa nafuu ya namna hiyo mume au mke, wala si kaka. Pacha anayejifanya mwenzake mbele ya polisi au kwenye gwaride la utambulisho hana kinga yoyote. Huko ni kuvuruga mkondo wa haki.

Kinachonigusa zaidi katika kesi hizi ni kwamba muda hauli upande mmoja tu. Doa linafifia, lakini watu wanafunguka. Ndoa inavunjika na mke wa zamani hana tena cha kulinda. Mama anakufa, na watoto waliokuwa wamemwapia wanaona kiapo kimezikwa naye. Na pale ambapo makosa madogo yana ukomo, aliyefua shati lile hawezi tena kushtakiwa, hivyo anaweza kusema. Mashauri mengi ya zamani hufunguliwa na mtu aliyechoka kubeba siri.

Tatizo ni kumwamini. Chicago ilipata kesi ambayo mwandishi wa riwaya angeogopa kuiandika. Mwaka 2003 mtu aliuawa kwa risasi, na mwaka 2005 mmoja wa mapacha wawili wa yai moja akahukumiwa miaka 54 kwa ushahidi wa watu waliosema walimwona. Mwaka 2013 pacha wake alimwandikia barua akikiri kwamba aliyefyatua risasi ni yeye. Mwaka 2016 akapanda kizimbani na kuyarudia maneno hayo kwa kiapo. Mwaka 2018 jaji aliyakataa. Sababu yake ni ngumu kuibeza: aliyekiri alikuwa tayari anatumikia miaka 99 kwa kosa lingine, na hakukiri mpaka rufaa yake ilipogonga mwamba. Mtu asiye na cha kupoteza anaweza kumnunulia kaka yake uhuru kwa maneno tu. Mahakama ya rufaa haikukubaliana na jaji huyo, na Januari 2022 aliyehukumiwa akaachiwa akisubiri kesi isikilizwe upya.

Kwa kesi ya kawaida, kukiri kwa kuchelewa hupimwa kwa mambo ambayo wapelelezi waliyaficha tangu siku ya kwanza: risasi iliingilia wapi, mlango upi ulikuwa wazi, kitu gani kilichukuliwa mfukoni. Anayeyajua alikuwepo. Kwa mapacha, kipimo hicho kinalegea, kwa sababu aliyeua huenda alimsimulia mwenzake usiku ule ule, na yote aliyoyaona mmoja yakawa ya wawili. Hapo kazi inarudi kwenye vitu ambavyo havisimuliki: alama ya kidole iliyobaki kwenye mlango, jeraha lililotibiwa hospitali na tarehe yake, kadi ya zamu kiwandani yenye jina la mmoja wao ikionyesha saa aliyoingia na saa aliyotoka.